Nampenda IU, Lakini Ile Kamera Ilidanganya

Wacha nikiri mapema ndio msinirukie kabla nimalize: mimi ni shabiki wa IU, na si wa juzi. Nilimjua nikiwa kidato cha pili, likizo, hapa nyumbani Machakos, usiku, kwa simu ya mamangu na bando ya shilingi 20. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, ikajicheza "Through the Night". Sikuelewa neno hata moja la Kikorea. Nililia tu. Mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini.

Kwa hivyo haya ya leo si maneno ya mtu wa chuki. Ni maneno ya mtu amemaliza bando nyingi sana kwa huyu dada, na sasa ana swali ambalo mashabiki wenzake hawataki liulizwe.

Kwa wale hawamjui, haraka haraka. Jina lake halisi ni Lee Ji-eun, amezaliwa 1993. Alitoa wimbo wa kwanza 2008 akiwa na miaka 15, baladi nzito inaitwa "Lost Child", na haikufika mbali. Maisha nyumbani yalikuwa magumu, kuna wakati alikuwa anaishi na nyanyake kwa chumba kimoja, na amelisema hilo mwenyewe hadharani. Halafu 2010 ikakuja "Good Day", ule wimbo anapandisha sauti ngazi tatu kwa pumzi moja, na Korea nzima ikamjua. Tangu hapo hajashuka.

Lakini mimi sikumpendea ile sauti ya juu. Nilimpendea baladi. "Through the Night" ya 2017 ni gitaa na mtu anakusomea barua, basi. Hakuna kelele, hakuna kujionyesha, na bado wimbo huo ndio ulimpa tuzo kubwa ya Golden Disc mwanzo wa 2018. "Love Poem" ya 2019, ambayo maneno aliandika mwenyewe, ni kama mtu amekaa nje ya mlango wako usiku, hakusumbui, anakuambia tu yuko hapo. Huo ndio ufundi wake. Waimbaji wengi wa baladi wanakulilia. IU anakaa na wewe.

Sasa tufike kwa kidonda.

Tarehe 24 Januari 2024 alitoa "Love Wins All". Wimbo unaanza na piano na sauti ya chini, halafu unapanda polepole mpaka mwisho unasikia kama kifua kinataka kufunguka. Ulipanda kileleni kwa chati za Korea, na ulistahili. Video ikaongozwa na Um Tae-hwa, yule aliyeongoza filamu ya "Concrete Utopia", na ndani yake akaigiza V wa BTS. Unaelewa ni nini kilitokea kwa intaneti siku hiyo.

Stori ya video ni hivi. Dunia imeharibika, kila mahali ni vifusi. Wapenzi wawili wanakimbia sanduku kubwa linaloelea hewani na kuwawinda. Msichana anaongea kwa mikono. Kijana jicho lake moja ni jeupe, halioni. Wanaingia kwa jengo limeachwa, wanapata kamera ya zamani ya video. Wakijiangalia kwa ile kamera, dunia inabadilika: nguo safi, taa, harusi, kicheko. Na ndani ya ile kamera jicho la kijana ni zima, na msichana haongei tena kwa mikono. Kamera ikiondoka, wanarudi kuwa vile walikuwa, na mwishowe lile sanduku linawapata. Zinabaki nguo tu.

Nililia tena. Si kulia tu, nilijirekodi nikilia. Nikaweka hiyo video hapa, mkaipenda sana, na sitadanganya, hizo namba zilinifurahisha.

Halafu binamu yangu akaiona.

Binamu yangu ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 2, ikaenda na masikio. Sasa ana miaka 20 na anatengeneza simu. Hii simu narekodia, kioo alibadilisha yeye, na bado nina deni lake. Mimi najua lugha ya ishara ya kuombea maji, kuomba msamaha na kubishana mpira, na polepole naongeza. Yeye ndiye alinipa jina langu la ishara. Ni vidole vinapigapiga kando ya mdomo, kwa sababu, kwa maelezo yake, sinyamazi.

Alikuja kwetu Jumapili, susu alikuwa amepika muthokoi, na baada ya kula akaniambia nimuonyeshe hiyo kitu ilinifanya nilie mbele ya watu. Nikamwekea. Kwanza akaweka mkono kwa spika, venye yeye hufanya na nyimbo zote. Hiyo ndiyo njia yake, bezi inampigia mkononi. Akangoja kidogo, akatoa mkono. Baladi haina bezi. Piano na sauti ya mtu havifiki kwa kiganja. Akaachana na spika akakaa aangalie picha.

Msichana alipoanza kuongea kwa mikono, binamu alikaa wima. Hakuelewa alichosema, maana lugha ya ishara ya Korea si ya Kenya, hata kama zote mbili kwa kifupi zinaandikwa KSL. Lakini aliona mikono. Akanigusa bega, akaonyesha skrini, kama mtu ameona jirani yake kwa televisheni.

Halafu ikaja ile kamera. Akaangalia mara moja. Akarudisha nyuma, akaangalia tena. Akaniuliza, "Mikono yake imeenda wapi?"

Nikamwelezea. Nikasema hiyo ni ndoto, ndani ya kamera ndiko wana furaha.

Akaniuliza, "Kwa hivyo akiwa na furaha hana mikono?"

Sikuwa na jibu. Yeye hakununa, hakulia, alirudi kwa sahani yake. Ni mimi nilibaki pale na simu mkononi.

Sasa sikilizeni hoja yangu, kwa sababu nimeibeba wiki nzima. Wewe na mimi tunaweza kuisamehe hii video kwa sababu ya sauti. Ukifumba macho, wimbo uko sawa, ni mzuri ajabu. Binamu hana hiyo nafasi. Kwake video ndiyo wimbo, hakuna kingine. Na ukiondoa sauti, picha inasema hivi: watu wawili wenye ulemavu wanateseka, na sura pekee ya furaha yao ni ile ambayo ulemavu umefutwa. Harusi iko upande wa waliopona. Taa ziko upande wa waliopona. Kwa upande wa miili yao halisi kuna vumbi, kukimbia na kifo.

Wimbo unaitwa mapenzi yanashinda yote. Yameshinda nini hapo? Hayakushinda lile sanduku. Kitu pekee kilichoondolewa kwa hiyo video kabla ya mwisho ni lile jicho na ile mikono.

Najua mtasema nini, kwa sababu nimeshasema haya kwa kundi moja la mashabiki na nikachomwa vizuri. Twende moja moja.

Ya kwanza: "Hujaelewa sanaa. Sanduku ni ubaguzi, kamera ni jicho la upendo." Nimeelewa, asante. Sanduku kama ubaguzi ni wazo zuri, na nia ya IU naiamini. Aliwaandikia mashabiki kwa mkono kuhusu dunia iliyojaa chuki, na kwamba upendo bado una nafasi ya kushinda. Lakini kama kamera ni jicho la upendo, basi shida ni kubwa zaidi, si ndogo. Upendo unaniangalia, na unachoona ni mtu mwingine mwenye mwili mwingine? Susu akimwangalia binamu haoni kijana anayesikia. Anaona binamu. Ukinipenda na picha yako ya mimi imefanyiwa marekebisho, unapenda marekebisho. Ubaguzi wa nje unaambia kiziwi, "Ungekuwa sawa kama ungesikia." Na kamera ya ndani inamwambia nini tofauti? Wamepakwa rangi mbili, wanasema kitu kimoja.

Ya pili: "Lakini kila mtu angetamani kupona." Hapa lazima tuwe waangalifu. Kuna watu wanatamani, ni haki yao, na wakisema wenyewe nitawasikiliza. Ila ulemavu si malaria, unameza dawa siku tatu unarudi kuwa mtu. Kwa viziwi wengi lugha ya ishara si bandeji ya kidonda, ni lugha, ina matusi yake, utani wake na mapenzi yake. Nilimuuliza binamu, angepewa kitu kimoja angechagua nini. Hakusema masikio. Alisema makanga waache kumvuta shati na kumuita bubu pale steji. Masikio hakuyataja hata kidogo. Mimi ndiye niliyatarajia.

Ya tatu, na hii ndiyo inaniuma: "Wewe unaeneza chuki. Shabiki wa kweli hatoi makosa." Zii. Kumbukeni huo wimbo mwanzo uliitwa "Love Wins" peke yake. Watu wakalalamika kwamba hayo maneno yana wenyewe, yametumika miaka mingi na watu wanaopigania haki zao za kupendana, na kuyachukua hivyo tu ni kuyafuta maana. Jina likabadilishwa kabla wimbo utoke, likawa "Love Wins All". Hakuna mtu alikufa. Hakuna jengo lilianguka. Msanii aliambiwa, akasikia, akarekebisha. Sasa kwa nini mashabiki tunamlinda IU na kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukisikia? Huko Korea kwenyewe kuna watu walitoa lawama hii ya kamera siku zile zile, si mimi niliivumbua hapa Machakos.

Na sasa nifike pale panaponikasirisha zaidi. Kama angekuwa msanii hajui, ningesema hajui, tumfundishe. Lakini IU anajua. Nyinyi nyote mnaojiita Uaena mmeona "My Mister" ya 2018, na kama hujaona, unajiita nini? Humo anaigiza Lee Ji-an, msichana anayelea nyanyake. Na nyanya ni kiziwi. Wanaongea kwa mikono kwenye drama nzima. Kuna usiku anampakia nyanya kwenye kigari cha supamaketi, anamsukuma mpaka nje, waangalie mwezi tu. Hakuna kamera ya kumponya nyanya. Hakuna ndoto ambayo ghafla anasikia. Nyanya anaona mwezi na masikio yake yakiwa vile vile, anafurahi, na wewe unaangalia na unafurahi naye. Hiyo ndiyo maana ya mapenzi kushinda. IU aliigiza hilo miaka sita kabla ya hii video, na kwa maoni yangu ni kazi bora kuliko baladi zake zote ukizijumlisha.

Na V? V alikuwa mmoja wa wale saba wa BTS walioweka ishara ndani ya densi ya "Permission to Dance" mwaka 2021: furaha, kucheza, amani. Mikono ilikuwa ndani ya furaha, si nje yake. Binamu anaijua hiyo densi kichwani. Hiyo aliisikia kwa spika na akaielewa kwa macho, zote mbili. Kwa hivyo hawa wawili walikuja kwa hii video wakiwa tayari wamefanya vizuri zaidi. Ndio maana nauma. Huwezi kumdai mtu kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Tena miezi mitatu tu baada ya "Love Wins All", tarehe 20 Aprili 2024, siku ambayo Korea huadhimisha watu wenye ulemavu, likaingia kundi linaitwa Big Ocean. Vijana watatu, wote wana shida ya kusikia. Wanashika mdundo kwa saa zinazotetemeka mkononi na taa zinazomulika wakati wa mazoezi. Wanaimba na wanaongea kwa ishara ndani ya wimbo mmoja. Nilimtumia binamu. Alinijibu kwa neno moja, "Hawa." Na hajawahi kunijibu hivyo kwa baladi yoyote niliyowahi kumlazimisha kuangalia.

Sasa kabla tujisikie wasafi sana, tuongee juu yetu.

Sisi hapa Machakos tuko na Machakos Technical Institute for the Blind, chuo cha wasioona, hapa hapa mjini. Unawaona wanafunzi wakipita na fimbo nyeupe. Mara ngapi umemshika mmoja mkono ukamvusha barabara bila kuuliza kama alikuwa anavuka? Mimi nimefanya. Kijana aliniambia kwa upole sana kwamba alikuwa anangoja rafiki yake. Nilikuwa nimemtoa kwa rafiki yake nikimsaidia.

Katiba yetu ya 2010 iko mbele yetu sana. Kifungu cha 7 kinaiambia serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Umesikia hiyo? Ile lugha unaiona kwa kile kisanduku kidogo pembeni ya taarifa ya habari ni lugha rasmi ya Bunge. Na wewe unajua maneno mangapi? Umejifunza Kikorea cha kusema "asante" na "nakupenda" kwa sababu ya drama, lakini jirani yako kiziwi unampigia kelele ukidhani ukiongeza sauti atasikia.

Halafu sisi watengenezaji wa video. Ah, sisi. Tunaenda kwa mtu mwenye ulemavu na pakiti ya unga na kamera, tunaweka piano ya huzuni chini, tunamrekodi akilia, tunahesabu waliotazama. Hatumuulizi jina lake linaandikwaje. Hiyo ni kamera ya "Love Wins All" kabisa, ila ya kwetu ni mbaya zaidi kwa sababu ni mtu wa kweli na hakuigiza. Mimi sijawahi kubeba unga, lakini nilibeba machozi yangu. Nililia kwa kamera kuhusu wapenzi wenye ulemavu wa kuigiza, nikapata sifa, na binamu yangu mwenyewe sikuwa nimemuuliza alifikiria nini. Alikuwa kiti cha pili.

Nimeiondoa ile video yangu. Msiniulize link.

Hukumu yangu, kwa wale mnangoja namba: wimbo 9 juu ya 10. Uigizaji 8, kwa sababu wote wawili walitoa kila kitu, na hilo siwezi kuwanyima. Stori ya video 3, na hizo tatu ni za lile sanduku. Ningeitengeneza vipi? Rahisi. Acha ile kamera iwe pale. Acha taa, nguo safi, harusi na kicheko. Ila jicho libaki jeupe, na viapo vya ndoa vitolewe kwa mikono. Sekunde kumi tu za kurekodi upya. Hapo ningesema mapenzi yameshinda, na binamu angerudisha nyuma kwa sababu amependa.

Wewe unayenipinga, karibu, lakini kuja na hoja, usije na "wivu". Na kabla uandike, fanya kitu kimoja. Weka hiyo video, zima sauti kabisa, na uiangalie kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha uniambie picha imekuambia nini.

Mimi naendelea na IU. Wimbo ujao nitakuwa wa kwanza kumaliza bando. Ila siku hizi nikimpata binamu amekaa karibu, nazima sauti kwanza.